Dirisha la Mama la Upande wa Mawio

Murubona,
Kasulu, Kigoma.
Jumapili, 21 Julai 2024.

Mpendwa dada yangu Uwimana,

Amahoro ya Mungu, amani yake, yatangulie kuingia nyumbani mwenu kabla ya maneno yangu. Nakuomba, kabla hujasoma mstari wa pili, umwite shemeji Ndayikunda na watoto waje wakae, kwa maana barua hii nimeiandika kama mtu aliyesimama mbele ya kikao cha ukoo. Najua mtacheka. Mlikuwa mkinisema kwamba Dionis hata chumvi mezani huiomba kwa hotuba yenye utangulizi na hitimisho. Chekeni, lakini kaeni.

Hamjambo nyote? Mgongo wa shemeji unaendeleaje tangu aanze ile kazi ya ghalani? Binti yetu Ininahazwe amekwisha kuzoea shule mpya, au bado anakuja nyumbani kimya? Mwambie kwamba mjomba wake naye alipopelekwa shule ya bweni alikaa muhula mzima bila kumkopesha mtu hata neno, na leo hakuna anayeweza kumnyamazisha. Tunawaombea kila jioni, kwa majina, kuanzia mkubwa hadi mdogo.

Sisi huku tu wazima. Mke wangu Valeria ameacha kuugua malaria za kurudiarudia, na sasa amerudi kuimbisha kwaya kwa ukali wake uleule. Mimi nimebakiza muhula mmoja shuleni kabla ya kustaafu. Wanafunzi wanaulizana nitahutubia nani nikishaondoka. Nadhani jibu mnalo mikononi.

Nyumbani Kibondo maharage yalikubali mwaka huu, na muhogo haukuguswa na ugonjwa wa majani. Mdogo wetu Tharsisi amevuna hadi akakosa pa kuweka. Baridi ya kiangazi hiki, hata hivyo, imekuwa na makali ambayo sikuyaona miaka mingi. Asubuhi ukungu unalala mabondeni hadi jua lipande sana, na upepo unaotoka upande wa Burundi unaingia penye ufa wowote.

Sasa nafika kwenye jambo lililonikalisha mezani. Ungeweza kuniuliza kwa nini sikupiga simu. Simu zetu hukatika hasa pale neno linapofika mahali pake. Tena kila nikipiga kutoka nyumbani Kibondo, Mama huwa karibu, na mengine niliyo nayo sikutaka ayasikie yakisemwa kwa haraka.

Jambo lenyewe ni madirisha. Kwanza nakushukuru kwa moyo wako. Ulipotuma ile zawadi ya fedha ili nyumba ya Mama iwekwe madirisha mapya yote, ulisema maneno ambayo Tharsisi bado anayarudia: kwamba huko uliko umeona baridi inavyoua wazee, na kwamba hutapata usingizi wakati mama yako analala nyuma ya mbao zenye nyufa. Ulikuwa na haki. Mwaka jana nimonia nusura ituondolee Mama, na kikohozi chake hakijaisha hadi leo.

Madirisha yale unayakumbuka. Baba alivuka mpaka kule Mabamba mwaka wa sabini na mbili akiwa na msumeno na randa, bila kitu kingine cha kumtambulisha kwa watu. Alipopewa kiwanja na kumwoa Mama, alichonga mbao za mninga kwa mkono wake: majani mawili kila dirisha, yanafunguka kwa nje, hayana kioo. Ukiyafungua, mwanga na baridi vinaingia pamoja. Ukiyafunga, umefunga vyote viwili. Kwa miaka hii yote nyumba yetu haikujua njia ya katikati.

Masika yaliyopita jani moja la dirisha la sebuleni lilichomolewa na upepo likaangukia kwenye migomba. Tulipolichunguza tuliona mchwa wamepanda kutoka chini ya fremu, wakaula upande wa ndani na kuacha ngozi ya nje iking'aa kama kawaida. Ukiligonga lilitoa sauti ya kibuyu. Hapo ndipo mabishano yalipoanza.

Tharsisi alitaka yote yang'olewe. Majirani zetu wawili wamekwisha kuweka alumini, na yeye amechoka kuishi katika nyumba ambayo wageni huijua kwa kuambiwa ni ile ya madirisha ya kizamani. Niyomwungere, yule seremala aliyejifunza kazi kwa Baba, alikuja akapapasa kila fremu, akaapa kwamba yote yanatengenezeka. Tharsisi akamwambia, "Mzee wangu, wewe hata jeneza lililozikwa ungesema linatengenezeka." Niyomwungere akajibu, "Lako nitalitengeneza bure."

Mimi nilisimama katikati, na nakiri kwamba katikati palikuwa pazuri kwa kuwa hapakudai kitu kutoka kwangu. Mninga mzuri haupatikani tena kirahisi, na kuutupa uliochongwa na Baba kuliniuma. Lakini nilipomsikia Mama akikohoa, mbao zilipoteza utetezi. Nikaona ni kheri nyumba isahau mkono wa Baba kuliko tumzike Mama kwa ajili ya kumbukumbu. Basi nikakubaliana na Tharsisi, na tukaamua kuanza na chumba cha Mama, kile kinachotazama mawio.

Tulimwita fundi wa alumini kutoka hapa Kasulu, kijana mpole wa Mbeya aitwaye Lusajo. Alituonyesha aina za vioo. Vipo vyeupe vinavyopitisha mwanga wote, na vipo vya tinti, vyeusi vyenye wekundu kwa mbali, ambavyo mtu wa ndani anaona nje lakini wa nje haoni ndani. Lusajo alisema wateja karibu wote huchukua tinti. Sisi wawili, watu wazima wenye akili zetu, tukachagua tinti. Tulidhani tunamsitiri Mama.

Tulitaka pia kumshangaza. Tulimpeleka Mabamba kwa mama yetu mdogo akae huko wakati wa vumbi na nyundo. Lusajo alifanya kazi nzuri, hilo lazima niliseme. Dirisha lilikaa sawa, likasukumika bila kelele, na mpira wake ukazuia upepo kabisa. Mke wa Tharsisi akaongeza pazia jipya zito. Mama alirudi Ijumaa giza limeshaingia, amechoka na safari, akaenda moja kwa moja kitandani. Tukajiwekea furaha yetu ya kesho asubuhi.

Hapa nawaomba watoto wasikilize, kwa sababu wao hawakukulia kwetu. Njia ya kisimani inapita chini ya dirisha la bibi yenu. Kila alfajiri yeye hufungua mbao zake, na kila anayepita humwita, "Mwakeye, yemwe!" yaani kumekucha, jamani, naye hujibu kila mmoja kwa jina lake. Mtaani kwetu dirisha la mzee ni kama mapigo ya moyo wake. Likichelewa kufunguliwa, mtu husimama na kuita. Asipojibiwa, haingii, huo si wajibu wa mpita njia. Huenda kumwambia jirani, na jirani hujiandaa.

Jumamosi ile niliamka sebuleni kwa Mama, nilikolala, nikaona kimya ambacho si cha nyumba yetu. Nilipofungua mlango wa mbele nilikuta wanawake wamekaa kwenye majani, kanga zimefungwa kiunoni, vichwa vimeinama. Bibi Swaumu, jirani yetu wa siku zote, alikuwa na sufuria kubwa kichwani. Wanaume walikuwa wanashusha kuni karibu na migomba, polepole, kama watu wanaoogopa kumwamsha mtu. Mzee mmoja alikuja akanishika mkono kwa mikono miwili.

Nilimuuliza Bibi Swaumu, kwa sauti ya chini, ni nani amefariki.

Akanitazama kwa huruma kubwa. "Pole, baba. Mshtuko huo. Kaa kwanza."

"Nikae kwa sababu gani, Bibi?"

"Dirisha la mama yenu jeusi. Nimeita mara tatu, sauti haikutoka. Tukasema, watoto wameshamfunika, wameziba na dirisha."

Uwimana, nilikimbilia chumbani. Nilijua kwamba dirisha lilikuwa jeusi kwa sababu ya kioo. Nilichokuwa sikijui ni kwa nini Mama hakujibu.

Nilimkuta amekaa kitandani, amevaa tayari, amejifunga kitambaa cha kichwa. Mikono ilikuwa magotini. Chumba kilikuwa na giza la wastani, si la kumzuia mtu kama mimi kuona. Nilimsalimu. Aligeuza uso kuelekea sauti yangu, lakini macho yakanipita yakaishia ukutani.

"Dionis," akasema, "kumekucha?"

"Kumekucha, Mama. Jua limeshapanda."

Akatikisa kichwa polepole, mara nyingi, kama mtu aliyepewa jibu alilolitarajia.

"Nilisikia majogoo," akasema. "Nikajua ni asubuhi. Nikaamka nifungue, mkono ukakosa komeo. Nikapapasa, nikashika kitu cha baridi, laini, kisicho cha kwangu. Nikasema, haya, macho yamekwisha, na sasa hata chumba changu kimenipotea. Watu wakaniita nje. Mwana wanje, mwanangu, niliona haya kuwajibu. Ningewaambiaje mwakeye na mimi sikukuchiwa?"

Nilikwenda dirishani, nikavuta pazia, nikasukuma kile kioo hadi mwisho. Jua liliingia likamwangukia kifuani na usoni. Mama alishtuka, akainua kiganja mbele ya uso wake, akakichezesha huku na huku ili kivuli kipite. Alifanya hivyo kwa muda. Kisha akasema, si kwa kuniambia mimi, "Ah. Kumbe lipo."

Nilipiga magoti nikamwomba radhi, naye akaniuliza ninaomba radhi ya nini. Ndipo nilipomweleza habari za dirisha, na za tinti, na za pazia. Alisikiliza hadi mwisho. Halafu alisikia minong'ono ya nje akauliza ni kikao gani kile.

"Wamekuja msibani, Mama."

"Msiba wa nani?"

"Wako."

Mama alicheka, Uwimana. Alicheka hadi kikohozi kikamkatiza, akaendelea kucheka ndani ya kikohozi. Akaagiza nimshike mkono nimpeleke nje, na njiani akanionya nisiwahutubie kwa muda mrefu, maana watu wameacha mashamba.

Mnajua kwamba katika maisha yangu nimesimama mbele ya mikusanyiko mingi, ya shule, ya kanisa na ya ukoo. Sijawahi kusimama mbele ya waombolezaji nikiwa nimemshika mkono marehemu. Niliwaambia kwamba nawashukuru kwa kuni zao, kwa unga wao na kwa machozi yao. Niliwaambia kwamba mtu huzaliwa bila kujua nani anamsubiri, na hufa bila kujua nani amemsindikiza, lakini mama yetu amepewa kuona msafara wake akiwa amesimama kwa miguu yake. Nilikuwa nataka kuendelea. Bibi Swaumu akanikata, akamgeukia Mama.

"Basi, yemwe, umetuponza! Ugali wa muhogo tumekwisha kuusonga kwangu, maharage yameiva. Utaliwa na nani msiba huu?"

Mama akajibu, "Uleteni huku. Maiti ana njaa."

Tulikula pale majanini hadi saa sita, watu wakicheka na wengine wakilia kwa chinichini. Mzee aliyenishika mkono alilalamika kwamba alikwisha kumtuma mjukuu wake Kakonko kupeleka taarifa, kwa hiyo nisishangae zikija salamu za rambirambi. Zilikuja, kweli. Moja ilikuja na jogoo, na Mama alikataa kumrudisha.

Baada ya kicheko, hata hivyo, mimi nilibaki na lile swali lake la chumbani. Sisi tulijua macho yake ni hafifu. Wewe mwenyewe ulituma miwani. Alivyokuwa akitembea ndani ya nyumba, akipika, akiita watu kwa majina, tuliamini anaona vya kutosha. Kumbe alikuwa anatujua kwa sauti na hatua, na nyumba aliijua kwa mkono. Jumatatu nilimpeleka hospitali, nikaomba tuonane na Daktari Ghati, mtu wa Tarime anayeshughulika na macho, ambaye maneno yake huwa mafupi na hayana mapambo.

Alimpima kwa subira. Kisha alinieleza kwamba ni presha ya macho, si mtoto wa jicho, kwa hiyo haifutiki kwa upasuaji. Jicho la kushoto limekwisha kuzima. La kulia bado linapokea mwanga, na katika mwanga mkali wa pembeni linaona umbo la mtu na pengine uso, kama yuko karibu. Kilichopotea hakirudi. Dawa ya matone inaweza kukihifadhi kilichobaki kwa muda, akasema, na muda huo hakuna anayeweza kuupima kwa rula. Nilimuuliza kama Mama anajua. Akajibu kwamba Mama alijua kabla ya daktari.

Tuliporudi nyumbani nilimwita Tharsisi, tukakaa na Mama chumbani mwake, na kwa mara ya kwanza tangu tuanze kubishana tukamuuliza yeye anataka madirisha gani. Naona aibu kuandika maneno hayo, mara ya kwanza. Tuliuliza mafundi na tuliulizana sisi kwa sisi. Tulikuuliza hata wewe uliye ng'ambo ya bahari. Mwenye dirisha hatukumuuliza.

Tharsisi alijaribu kidogo. Alisema vioo vyeupe vinaweza kuwekwa kwenye alumini ileile, na baridi bado isiingie. Alikuwa na hoja, na Mama alimkubalia kwamba ana hoja. Lakini akaeleza jambo ambalo halikuwa la mbao wala la kioo. Alisema kwamba asubuhi anapousukuma mninga kwa nje, mikono miwili, mwanga hauji polepole. Unamfikia mara moja usoni, na kwa kitambo kidogo jicho lake la kulia linaamka. Ndiyo sehemu bora ya siku yake. Dirisha la kusukuma hufunguka nusu na kuziba nusu, na yeye hana nusu ya kutoa.

Basi uamuzi ukawa huu, na nauweka mbele yenu mkiwa mmeketi pamoja ili mjue ni wa ukoo mzima, si wa mtu mmoja. Dirisha la chumba cha Mama litatengenezwa, halitabadilishwa. Niyomwungere amekata sehemu ya chini iliyoliwa na mchwa, ameunga mninga mkavu alioutoa kwenye kitanda kikuukuu, na ameirudisha fremu ya Baba mahali pake. Kwa ndani ameweka majani mengine mawili membamba yenye kioo cheupe, yanayofunguka kuelekea chumbani. Baridi ikizidi, mbao hubaki wazi na kioo kinafungwa, na mwanga unaingia peke yake. Njia ya katikati, tuliyoikosa miaka yote, ilikuwa ya inchi chache.

Dirisha la jikoni alilikosea. Alituapia kwamba linafaa, akalipiga nyundo moja, likageuka vumbi mikononi mwake. Huko tumeweka la alumini lenye kioo cheupe na wavu wa mbu, na mke wa Tharsisi hataki kusikia habari za mninga tena maishani mwake, kwa sababu moshi sasa unatoka. La sebuleni, ambalo jani lake lilianguka, nalo tumelibadilisha. Lile la tinti Lusajo alilihamishia chumbani kwa Tharsisi, ambako analitazama kwa fahari na kuchelewa kuamka kila siku. Mama anasema siku moja watu watamletea kuni.

Nakuomba, dada yangu, usione kwamba zawadi yako imekataliwa. Ile picha uliyokuwa unaisubiri, ya nyumba inayong'aa madirisha sita ya aina moja, haitakuja. Ukiiona nyumba sasa utasema imevaa viatu viwili visivyolingana. Lakini kifua cha Mama kimetulia kuliko wakati wowote tangu ile nimonia. Usiku kioo kinafungwa na mbao zinafungwa, na ile sauti ya upepo iliyokuwa ikikutia hofu kwenye simu haipo tena. Ulitaka alale kwenye joto. Analala kwenye joto.

Sasa naingia katika lile lililonifanya nisipige simu. Kazi ilipokwisha tulimketisha Mama dirishani ajaribu. Alifungua majani ya ndani, akafungua ya nje, akakaa na mwanga wake. Tulidhani atasema asante, au ataomba chai. Akamwita Tharsisi asimame kushoto kwake, kisha asogee, kisha ainame. Akanifanya na mimi vivyo hivyo, kama mpiga picha anayewapanga watu. Mwisho akanishika kidevu, akanivuta hadi tukakaribiana sana, akasema, "Umezeeka, Dionis. Masikio yamekuwa ya baba yako."

Alikuwa ameniona. Sijui tangu lini hakuwa ameniona.

Halafu akauliza pale mahali pa kukaa dirishani panatosha mtu wa kimo gani. Tharsisi akamuuliza anamaanisha mtu gani. Naandika maneno yake kama alivyoyasema, wala sikuyaongezea.

"Uwimana. Aliondoka akiwa msichana mwembamba. Sauti yake naipata kwenye simu, sauti haijanipungukia. Uso wake ndio sinao. Mwambieni fedha zilizobaki asinunulie dirisha. Anunue njia. Akija, mkalisheni hapa, upande huu wa mawio, asubuhi, kabla jicho halijachoka. Na awahi."

Dada yangu, nisikilize. Najua kazi yako haikupi ruhusa kwa urahisi, najua watoto wana shule, na najua kwamba safari ya kurudi, baada ya miaka yote hii, ina hofu zake ambazo huwaambii watu. Sikulaumu hata kwa unywele mmoja. Fedha zilizobaki ziko kwako kuziamulia, na usipoweza, upendo wa Mama kwako hautapungua. Lakini Daktari Ghati hakunipa rula, na mimi siwezi kukupa. Nikikuambia njoo Krismasi, nitakuwa nimejifanya najua. Nakuambia tu kwamba leo asubuhi, kabla sijapanda gari kurudi Kasulu, bado alikuwa anaona.

Shemeji Ndayikunda, wewe uliyekaa hapo ukisikiliza, nakuomba ruhusa mbele ya watoto wenu: mwachie mkeo mlango wazi. Sisi tutampokea Kibondo, tutamlisha, na tutamrudisha salama.

Uwimana, unisalimie mama mkwe wako na wote wa kwaya ya Warundi mnaokutana nao Jumapili. Valeria anawasalimu, na anamwuliza Ininahazwe kama bado anakumbuka wimbo aliomfundisha kwa simu. Tharsisi anawasalimu kutoka nyuma ya tinti yake. Bibi Swaumu anasema wewe, Uwimana, una deni la sufuria moja ya maharage ya msiba ambao haukutokea, na utakuja kuilipa kwa kuila. Niyomwungere anawasalimu pia, ingawa dirisha la jikoni hataki litajwe.

Mungu aliyetenga mwanga na giza atuzunguke pande zote mbili za bahari, awalinde mnapolala na sisi tunapoamka, na ailinde njia kati ya nyumba yenu na yetu isiote majani.

Mama hakutaka niandike kwamba anakusalimu. Alisema salamu zake anazitunza mkononi, atakupa mwenyewe, na kila asubuhi tangu wiki ile anakaa upande wa kulia wa dirisha, akiuacha mtupu ule wa mawio aliosema utakaa wewe.

Ni mimi kaka yako, akupendaye bila utangulizi wala hitimisho,

Dionis